Mchezo wa Madungu Mawili

Mwezi uliopita basi la kwenda kusini lilisimama hapa Kibiti ili abiria wale, na mama mmoja mwenye miwani na mvi za mbele akaja kukaa kwenye benchi la kibanda changu. Aliagiza wali na samaki wa nazi. Nilimpakulia, nikamwekea maji ya kunawa, na nilikuwa nimeshampa mgongo aliposema, "Wewe si Zena wa Mbuchi?" Nikageuka. Alikuwa Mwalimu Devota, ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa miaka ishirini na sita. Nilimwamkia, akaniitikia, akanishika mikono yote miwili na mchuzi ukiwa bado vidoleni mwake. Aliniuliza kama bado nacheza chesi. Nikamwonyesha simu yangu, mchezo ulioachwa katikati, maana wateja wakipungua huwa nacheza na mashine. Mara nyingi inanishinda, nami sikasiriki. Alifurahi hadi akavua miwani. Kisha akauliza, "Na Somoe je? Bado anakupiga?" Nikamjibu, "Yupo, mwalimu. Ameolewa Chumbi, ana watoto watatu." Akasema ashukuriwe Mungu, nimpe salamu zake nyingi. Dereva akapiga honi. Aliniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akapanda, basi likaondoka.

Somoe hakuolewa Chumbi wala mahali pengine. Alikufa akiwa na miaka kumi na saba, mwaka uleule mwalimu alipohama kwetu, msimu wa mpunga, na siku alipozidiwa mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia akikohoa. Nilikaa zaidi ya saa mbili bila kumwita. Watu wa kwetu wanajua kuwa nilikuwepo. Saa hizo mbili hawazijui. Sijui kwa nini nilimdanganya mwalimu. Labda kwa sababu jibu la kweli lilitaka maneno mengi na dereva alikuwa na haraka. Lakini tangu siku ile wale watoto watatu wa Chumbi wananisumbua, hata sura zao nimeanza kuziona. Ndiyo maana nauandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, kidogo kidogo, kila siku baada ya kuosha vyombo.

Nyumba ya mwalimu pale Mbuchi ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi mdogo, bati juu, kuta za udongo zilizopakwa chokaa mpaka nusu. Alikuwa ametoka Kagera, na kwetu alikuwa mgeni kwa kila kitu: dini, chakula, hata namna alivyopanda mtumbwi, ameshika kingo zote mbili na macho kayafumba. Mimi na Somoe tulikuwa tumemaliza darasa la saba na majina yetu hayakutoka kwenye orodha ya kwenda sekondari, basi tukawa tunamchotea maji na kumtwangia mpunga, naye akawa anatuweka ndani tukimaliza, kwa sababu jioni zilikuwa ndefu na hakuwa na wa kuzungumza naye. Kulikuwa na kitanda cha kamba, picha ya Bikira Maria, pasi ya mkaa, na kopo la buni zilizokaushwa na maganda yake, ambazo kwao mgeni akiingia hupewa atafune. Somoe alizitafuna kama karanga. Mimi zilinishinda kwa uchungu, nikawa nazificha kwenye pindo la kanga na kuzimwaga njiani. Nilikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Mwalimu akiniuliza jambo, Somoe ndiye aliyejibu, na mara nyingi alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka, siku moja ya mvua iliyotufungia mle ndani, mwalimu alivuta boksi bapa kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa la chesi, alilolipata chuoni. Farasi mmoja mweusi alikuwa amepotea na mahali pake palisimama kifuniko cha dawa ya meno. Alitupangia vipande vyote na kututajia kimoja kimoja: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, na askari wanane mbele. Somoe alimshika mfalme akamtazama chini na juu. Akauliza mbona huyu anakwenda hatua moja tu, na mwalimu akamwambia ndivyo alivyo. "Basi mgonjwa huyo," Somoe akasema. "Mfalme mgonjwa amelala ndani, mkewe ndiye anayezunguka mjini kutafuta." Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Nakumbuka jinsi mvua ilivyogonga bati, tukawa tunasemeshana kwa kupaza sauti, na chai ya mchaichai aliyotumiminia kwenye vikombe vya bati, ikituunguza midomo.

Mchezo pekee wa ubao tulioujua kabla ya hapo ni drafti. Wanaume waliucheza kwa vifuniko vya soda kwenye banda la kusubiria boti, na sisi tuliuona tu tukipita na sinia la vitumbua; msichana hakai pale. Lakini sheria zake tulizijua kwa kuzisikia, na sheria kubwa ya drafti ni kwamba ukiachiwa kete huna hiari, lazima ule. Mimi niliingia kwenye chesi na sheria hiyo kichwani. Kila kilichosimama mbele ya kipande changu nilikula, bila kutazama mbele wala nyuma. Mwalimu alichukua wiki nzima kugundua. Somoe aligundua siku ya kwanza, akawa ananilisha. Ananiwekea askari, nakula; ananiwekea mwingine, nakula; huku malkia wangu anavutwa mbali na nyumbani, na mwisho wake mfalme wangu anauawa kando ya ubao bila msaada. "Kula, shoga, kula ushibe," alikuwa ananiambia. Siku mwalimu alipoelewa ninachofanya aliweka mkono wake juu ya wangu kabla sijakamata kipande.

"Zena, nani amekulazimisha?"

"Si nimeachiwa?"

"Umeachiwa. Hujalazimishwa."

Maneno hayo niliondoka nayo, nikayawaza siku nyingi nikipepeta mchele. Kwetu kitu ukipewa unapokea, kazi ukipewa unafanya, na ukiambiwa jina lako halikutoka unarudi nyumbani. Sikuwa nimepata kufikiri kuwa mtu anaweza kuachiwa kitu mbele yake naye akakiacha hapo kilipo, akatazama kwanza. Kuanzia hapo nikaanza kujifunza. Sikushinda, lakini nilianza kushindwa polepole. Mwanzoni Somoe alinimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Ilipofika mwezi wa tatu tulikuwa tunakunywa chai, tunaosha vikombe, na mfalme wangu bado yuko hai. Mwalimu alinifundisha kwamba kabla sijagusa chochote nijiulize mwenzangu anataka nini. Nikawa namsoma Somoe. Akipanga jambo alikuwa akikuna unyayo wa kushoto kwa kidole cha mguu wa kulia. Akiwa hana mpango alinitazama usoni na kutabasamu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjua mtu kwa kumtazama, na sijui kama nimewahi kumjua mtu mwingine vile.

Watu walisema. Tukiwa kisimani tulimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kuwa mwalimu wa bara anawafundisha wasichana kamari, na mwenzake akajibu kuwa afadhali kamari kuliko wangekuwa wanazurura. Baba mdogo wa Somoe alikiona kipande cha farasi tulichokiazima kwa mwalimu, chenye macho na pua, akasema kwa upole kabisa kwamba vinyago havikai nyumba ya Muislamu. Hatukubishana naye. Tukachonga vipande vyetu, kila mmoja seti yake, kwa ncha za miti ya mkandaa zilizotupwa na wakata fito, visivyo na macho wala pua, ila alama za kisu: mfalme alama tano, malkia nne, na kuendelea. Somoe akasema pia kwamba yeye hawezi kusimama mbele ya watu wa Mbuchi akaita askofu, kwa hiyo kipande hicho tukakiita shehe. Mwalimu aliposikia shehe wetu anakwenda mshazari alisema huyo atakuwa amechelewa swala.

Baada ya Pasaka barua yake ya uhamisho ikaja. Aliondoka na boksi lake, akatuachia mbao mbili alizozichora kwa rula nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, moja ya Somoe na moja yangu. Nilidhani mchezo umekwisha, kwa sababu mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke na kila mmoja wetu alikuwa anakwenda kulinda shamba la kwao. Anayejua delta yetu, mto unapoingia baharini, anajua dungu: kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo katikati ya mpunga, unapanda kwa ngazi, unakaa humo kutwa nzima kufukuza kweleakwelea. Kutoka dunguni zinakwenda kamba kila upande wa shamba, zimefungwa makopo, ukivuta moja makopo yanalia na ndege wanaruka. Dungu langu na la Somoe yalitenganishwa na mpunga mtupu, umbali wa kama uwanja mmoja wa mpira na nusu, na kando yake ulipita mfereji unaojaa na kupwa kwa maji ya bahari. Kuonana tulionana kama vivuli, lakini sauti ilifika, kwa sababu kule hakuna kingine cha kusikia ila ndege na upepo kwenye mikoko.

Somoe ndiye aliyebuni. Kila mmoja akae na ubao wake na vipande vyote, na tuambiane hatua kwa kuita. Herufi za mwalimu hazikufaa kwa sababu kwa mbali zilifanana, basi zile safu nane tukazipa majina ya miji yetu, kuanzia kushoto: Mbuchi, Nyamisati, Kibiti, Bungu, Ikwiriri, Chumbi, Utete, Mohoro. Ukitaka kumpeleka askari wa mbele ya mfalme unaita, "Askari Ikwiriri nne!" na mwenzako anamsogeza kwenye ubao wake. Waliopita na mitumbwi mferejini walitushangaa. Mmoja alisimamisha upondo akauliza ni nani huyo anayekwenda Utete, ana mzigo wa kumpa. Mimi niliyekuwa naitikia kwa kichwa, nikajifunza kupaza sauti mashambani, jina la mji na namba, mara ishirini kwa siku. Mama yangu alisema nimebadilika, naongea hata nyumbani.

Lakini Somoe hakuwa na subira. Mimi nilifikiri polepole, kama ninavyofanya kila kitu, na kabla sijamaliza kutazama ubao nilisikia, "Haya Zena! Zena, mpunga unaiva!" Nikibabaika nakosea, nikikosea ananimaliza. Kwa hiyo nikamwomba tuweke sheria, nayo ndiyo kitu pekee nilichodai mwaka mzima: anayemwita mwenzake wakati ni zamu ya mwenzake kufikiri, ameshindwa mchezo huo. Tulikuwa njiani kurudi nyumbani. Alinitazama akacheka, akasema, "Sawa, bubu wangu," na akaishika sheria hiyo kweli. Tangu hapo kimya kikawa na maana moja tu kati yetu. Dungu la upande wa pili likinyamaza, mtu anafikiri. Kila aliponishinda alikata alama kwa kisu kwenye nguzo ya dungu lake, na nguzo ile ilijaa upande mmoja akaanza upande wa pili. Alama yangu haikuwepo hata moja.

Siku ile tulikwenda shamba kwa mtumbwi mmoja, maji yakiwa yamejaa. Somoe alikaa mbele amejitanda kanga mbili hadi kichwani, na jua lilikuwa limeshatoka. Alisema kichwa kinamuuma, ni jua la jana. Tulipofika tulikaa chini ya dungu langu kula mihogo ya kuchemsha kabla ya kuachana. Yeye alimega kipande, akakiweka, akanisogezea mfuko wake. Nilikula wangu na wake. Nilimuuliza kama tucheze au apumzike, akasema, "Unaogopa?" Akaenda zake kwa kufuata kingo za jaruba, taratibu, na mara mbili nilimwona amesimama.

Tulianza mapema. Mimi ndiye niliyeanza, na hatua za mwanzo zilikwenda kama kawaida, ila sauti yake ilikuwa chini na ilibidi aseme mara mbili. Farasi wangu alikuwa amesimama Chumbi tatu. Akaita, "Malkia Mohoro nne." Nilimsogeza malkia wake kwenye ubao wangu nikatazama, nikatazama tena. Alikuwa amemweka mahali ambapo farasi wangu anamla bure kabisa. Nilikumbuka alivyokuwa akinilisha kule kwa mwalimu. Nikajiambia Zena, hujalazimishwa. Nikatafuta mtego upande huu, upande ule, nikawaza kila hatua ambayo angeweza kufanya baada ya hapo, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kufikiri, na sikuona kitu. Mwishowe nikaita, "Farasi anakula malkia." Kikapita kitambo. Akajibu, "Kula." Nilikula. Hatua yake iliyofuata ilikuwa askari wa pembeni kabisa, Mbuchi tano, hatua isiyo na maana yoyote. Nikamtoa ngome wangu. Naye akaita, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, "Askari Mbuchi nne." Nilidhani nimekuwa mchezaji. Nilidhani miezi yote ile ya kushindwa polepole imezaa, na kwamba Somoe amechanganyikiwa kwa sababu yangu. Nikamsogeza malkia wangu na kuita, "Mfalme!" ambalo ndilo neno letu la kumwonya mwenzako kuwa mfalme wake anashambuliwa.

Hakujibu. Nikakaa kusubiri.

Jua lilikuwa bado upande wa mashariki na mfereji ulikuwa na maji ya kutosha kupitisha mtumbwi uliojaa. Nataka niliandike hili wazi kwa sababu ndilo lililobaki nami. Nilimsikia akikohoa mara moja, kisha basi. Nikavuta makopo yangu, ndege wangu wakaruka, wakaenda kutua kwake. Makopo yake hayakulia. Nikajiambia leo nimemkamata, hata ndege amewasahau. Niliwatazama wakiinamisha masuke ya shamba la kwao, kundi baada ya kundi, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa ajili ya kila ndege. Nilipanga jinsi nitakavyopanda ngazi yake jioni na kuomba kisu nikate alama yangu. Nilipanga barua ya kumwandikia mwalimu. Hofu ilinijia mara kadhaa, siwezi kusema haikuja. Lakini kila ilipokuja niliona kuwa ndicho anachotaka, nimwite, nivunje sheria niliyoiweka mwenyewe, halafu ainuke huko anacheka. Nikasema nitangoja adhana ya adhuhuri. Adhana ikaja na upepo kutoka kijijini. Nikasema huenda amepitiwa na usingizi, aamke mwenyewe. Mfereji ukaanza kuonyesha matope kingoni.

Kilichoniinua ni kanga. Niliona moja ya zile kanga mbili ikiteleza kutoka ukingoni mwa dungu lake, ikaning'inia, ikaanguka majini kwenye mpunga, na hakuna mkono ulionyooshwa kuidaka. Nikasimama nikaita, "Somoe!" Na hata wakati ule nilipoita, wazo la kwanza lililonipitia kichwani ni kwamba nimeshindwa mchezo.

Nilimkuta amelala ubavu, macho yako wazi yametazama juu, povu kavu mdomoni, mwili moto kama chungu. Nilipomwinua alitetemeka mwili mzima, kisha akalegea. Ubao wake ulikuwa karibu na kichwa chake, vipande vimesimama sawasawa bila kuguswa, na malkia wake alikuwa bado nyumbani kwake. Hakuwa amemsogeza. Wala yule askari wa pembeni hakuwa amemsogeza. Alikuwa ameshalala chini tangu mapema na kuniitia tu majina ya miji, ili nisijue, au kwa sababu hakutaka kuacha, mimi sijui. Nilikuwa nimemla malkia ambaye hakutoka kwake.

Nilikimbia kumwita mama yake, Bi Hidaya, aliyekuwa anavuna shamba la jirani, na wanaume wawili wakata fito. Walipofika tukambeba kwa kitanda cha dunguni mpaka mferejini, na pale ndipo sote tuliposimama. Mfereji ulikuwa tope tupu. Mtumbwi ulikuwa umelala ubavu chini kabisa, na kutoka hapo hadi zahanati hakuna njia ya miguu, ni mikoko na matope ya kiunoni. Mmoja wa wale wanaume alisema saa mbili nyuma tungepita. Alisema hivyo akitazama tope, hakumsema mtu. Tulikaa kivulini kusubiri bahari irudi, Bi Hidaya akimpepea kwa ungo na kumsomea, na Somoe akishikwa na degedege na kuachiwa. Maji yalirudi jua likizama. Pale zahanati muuguzi alisema malaria imempanda kichwani, akamchoma sindano, akasema asubuhi apelekwe hospitali. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, botini, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Mimi nilikuwa nimeshika miguu.

Siku tatu za msiba nilisikia nikisifiwa. Wanawake waliokuwa jikoni kuchagua mchele walisema Zena ndiye aliyekimbia, bila Zena yule mtoto angekufa peke yake na ndege. Niliwekewa sahani ya kwanza. Bi Hidaya aliniita ndani, kwenye chumba chenye giza alimokaa na wazee, akanikalisha karibu naye na kuniuliza mwanawe alisema nini mwisho. Neno la mwisho la Somoe lilikuwa Mbuchi nne. Nilisema, "Alisema kichwa kinamuuma." Akanishukuru. Wiki iliyofuata nikapewa kulinda na shamba lao pia, na nikalinda mpaka mavuno, nikitoka dungu moja kwenda jingine, nikivuta kamba zote. Sauti yangu ilirudi ilikotoka. Nilivunja vipande vyangu nikapikia chai. Nilikuja kucheza tena miaka mingi baadaye, hapa Kibiti, niliponunua simu yenye mchezo huo, na nadhani niliweza kwa sababu mashine ikinyamaza haifi.

Baada ya mwalimu kupita na basi lile nilifunga kibanda siku mbili nikaenda Mbuchi. Bi Hidaya sasa ni mzee, anatembea kwa kushika ukuta, lakini macho yake yanaona. Nilimkuta ukumbini anachambua mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba, Zena. Umekonda." Nilikaa mkekani nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa: mchezo, sheria, malkia, kikohozi, ndege, adhana, mfereji. Ilinichukua muda. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Maji yaliondoka ukiwa unamngoja, au yalikuwa yameshaondoka zamani?"

"Yaliondoka nikiwa nangoja, mama."

Aliendelea kuchambua. Aliondoa chuya kadhaa, akazitupa kwa kuku. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Asubuhi ile nilimshika mguu nimwamshe. Mguu ulikuwa moto. Akaniambia, mama, leo niache. Nikamwambia ndege hawajui kama unaumwa, inuka. Akainuka."

Nilitaka kusema kitu. Akainua mkono.

"Lako usinitwishe, Zena. Langu lenyewe sijapata wa kumtwisha."

Mwalimu sijampigia bado. Karatasi yake ninayo. Pale ukumbini sikuomba radhi, na Bi Hidaya hakuniambia kuwa yamekwisha. Alisogeza ungo ukawa katikati yetu, akagawa mchele kwa kiganja, nusu upande wake na nusu upande wangu. Tulichambua mpaka maji yakajaa na mwenye boti akaniita kwa jina mara mbili, ndipo nikaondoka.